Damu Chooni, Vidonge vya Amiba na Saratani Niliyochelewa Kuijua

Kwa miezi minane nilikuwa nikiona damu chooni, na katika muda huo nilitibiwa amiba mara tatu na bawasiri mara moja. Kila nilipopewa metronidazoli, dawa ya amiba inayoua pia baadhi ya bakteria, damu ilipungua kwa wiki mbili au tatu, nami nikaamini kwamba nimepona. Siku nilipofanyiwa kolonoskopi, yaani kipimo cha kuingiza mrija wenye kamera katika utumbo mpana, nilikuwa na umri wa miaka 43 na uvimbe ulikuwa umekwisha kupenya ukuta wa utumbo. Nilifanyiwa upasuaji, nikapata tibakemikali kwa miezi sita, na huu ni mwaka wa nne tangu nimalize matibabu. Wagonjwa wenzangu huniuliza sana habari za bakteria wa tumboni, na wengi huniuliza wakati fedha imekwisha kuwatoka.

Bakteria wanahusika kweli. Mwaka 2012 watafiti wa Kanada na wa Marekani, kila kundi kwa upande wake, walikuta ndani ya uvimbe wa saratani ya utumbo mpana wingi usio wa kawaida wa Fusobacterium nucleatum, bakteria ambaye makazi yake ni kinywani, hasa kwenye fizi zenye ugonjwa. Ana protini inayomnatisha kwenye seli za utumbo na kuzichochea zigawanyike, na nyingine inayozizuia seli za kinga zisiushambulie uvimbe. Baadhi ya aina za Escherichia coli nazo hutoa sumu iitwayo kolibaktini, inayoharibu DNA na kuacha alama inayotambulika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliochunguza saratani za watu 981 kutoka nchi 11, ulikuta alama hiyo mara 3.3 zaidi kwa waliougua kabla ya miaka 40 kuliko kwa waliougua baada ya miaka 70.

Hata hivyo, bakteria peke yake hafiki mbali bila mchochota, yaani ule wekundu, joto na kuvimba tunakokuona kandokando ya kidonda. Utumbo umepakwa ute unaowatenga bakteria na seli, na ute huo ukipungua wao huzigusa seli, kinga ikaja kupigana. Kemikali ambazo kinga huzitumia kuua bakteria hudhuru pia DNA ya seli zilizo jirani, na wakati huohuo mwili huzihimiza seli hizo zizaliane haraka ili kuziba pengo, hivyo makosa hurithishwa kabla ya kurekebishwa. Kidonda cha mguuni hupona baada ya siku chache, lakini mchochota wa utumboni unaweza kukaa miaka bila mwenyewe kujua. Uvimbe ukishaota, ukuta wake huvuja, bakteria wengi zaidi wakaingia, na mchochota ukazidi.

Sasa nirudi kwenye vile vidonge vyangu. Mwaka 2017 watafiti waliwapa metronidazoli panya waliopandikizwa uvimbe wa binadamu wenye Fusobacterium, na ukuaji wa uvimbe ukapungua kasi. Ulipungua kasi tu, haukuondoka. Niliposoma hayo niliikumbuka ile nafuu yangu ya wiki mbili, ingawa sidai kwamba sababu yake ilikuwa hiyo, kwa maana hata damu ya uvimbe huja na kukoma yenyewe. Ushauri wangu ni kwamba usikubali kutibiwa amiba kabla choo hakijapimwa, na damu ikirudi mara ya pili uombe kolonoskopi, hata kama umri wako ni mdogo na hata kama bawasiri kweli unayo. Antibayotiki za kubahatisha huua pia bakteria wanaotufaa.

Hao wanaotufaa huishi kwa nyuzinyuzi, na kutokana nazo hutengeneza butireti, ambayo ni chakula cha seli za utumbo mpana na hutuliza mchochota. Denis Burkitt, daktari aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, alikuwa ameihusisha mapema nadra ya saratani hii Afrika na vyakula vyetu. Mwaka 2015 ulitoka utafiti ambao Wamarekani weusi 20 na Waafrika Kusini 20 wa vijijini walibadilishana aina ya chakula kwa wiki mbili tu: kwa Wamarekani butireti iliongezeka na mchochota ukapungua, na kwa Waafrika Kusini mambo yakageuka. Mimi nimerudi kwenye dona, kunde, choroko na mchicha, na soseji nimeziacha. Unga wa “kusafisha utumbo” sinunui, na aliye kwenye tibakemikali asimeze vidonge vya bakteria hai kabla ya kumwuliza daktari wake, kwa sababu kinga yake iko chini.

Jambo la mwisho linawahusu ndugu. Mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wa mgonjwa hushauriwa kupimwa akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mgonjwa aligunduliwa, lolote litangulialo. Kwetu maana yake ni miaka 33. Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 36, alinijibu kwamba yeye haumwi popote, na ilinichukua karibu mwaka mzima kumshawishi. Alikutwa na vinyama viwili utumboni, vya aina inayoweza kugeuka saratani, vikaondolewa palepale, na jioni alikuwa nyumbani akipika.