Kiganja kinaning'inia baada ya ajali ya bodaboda

Pole sana ndugu uliyeuliza kama kuna matumaini, wiki 6 baada ya ajali, na kiganja bado hakiinuki. Mfupa wa juu ya kiwiko ukivunjika, kisha kiganja kikawa hakiinuki, mara nyingi ni neva ya radiali (mshipa wa fahamu unaoinua kiganja na vidole) imeumia. Wiki 6 ni mapema kukata tamaa: neva huota kama milimita 1 kwa siku.

Hatari ya sasa ni viungo kukakamaa. Mwone mtaalamu wa tiba ya viungo akutengenezee kishikizo cha kuinua kifundo cha mkono. Kwa mkono wako usioumia, nyanyua kiganja kinachoning'inia, kunjua kila kidole, hasa gumba, mara kadhaa kwa siku. Kaka yangu alisaidiwa sana na hilo.

Tafadhali usikande kwa maji ya moto. Penye ganzi huungua bila kujua.

Miezi 3 ikipita bila dalili yoyote ya kupona, daktari bingwa wa mifupa apime neva. Usingoje mwaka, misuli itanyauka.