Celica au RX-8 ya mkononi?

Mkuu, umeuliza kati ya Toyota Celica ya 2003 na Mazda RX-8, zote za mkononi, ipi uchukue kwa safari za Mbagala hadi Posta. Chukua Celica. RX-8 tamu, sikatai, lakini injini yake ya rotari haina pistoni na imeundwa kunyunyiza oili kidogo ndani ya chumba cha kuchomea mafuta. Yaani kula oili ndiyo kawaida yake, na petroli inakunywa kweli. Foleni ya Barabara ya Kilwa utaijua. Ikianza kugoma kuwaka ikiwa ya moto, ujue kompresheni (mgandamizo ndani ya injini) inaisha, na fundi wa rotari utamtafuta kwa tochi.

Celica ya kawaida ina 1ZZ, injini ileile ya Toyota Allion na Premio za 1.8 za kabla ya 2007, kwa hiyo vipuri vya injini Kariakoo vipo. 1ZZ za kabla ya 2002 ndizo zilizosifika kwa kula oili. Bodi ndiyo mtihani: taa na bampa utasubiri.

Nenda kulikagua gari asubuhi, kabla halijawashwa. Nyanyua kapeti, toa na tairi la spea. Mimi niliwahi kukuta matope makavu chini ya spea ya "gari la mama mmoja, halijatembea", kumbe liliogelea mafuriko. Sikuuliza hata bei. Lala chini uangalie sampo (bakuli la oili chini ya injini) pia, matuta yetu hayajui spoti. Usilipe kabla hujacheki faini za trafiki kwenye namba, na kadi ya gari isome jina la anayekuuzia.