Bobini Inasingiziwa: Niliyojifunza kwa Cherehani ya Nyumbani

Januari ile watoto walikuwa wanafungua shule Jumatatu, na mimi Jumamosi usiku ndiyo kwanza nimekaa kwenye cherehani. Sketi ya kwanza ya bluu ilikuwa tayari, ya pili imefika kwenye zipu. Ghafla mlio ukabadilika. Cherehani iliyokuwa ikienda vizuri ikaanza kuguna, kisha ikakwama. Nikageuza kitambaa. Juu mshono umetulia, chini kumejaa vitanzi na nyuzi zimesokotana kama kiota cha ndege. Nani asingesema kosa liko chini?

Nikachomoa kesi ya bobini, yaani kile kikopo kinachobeba kigurudumu kidogo cha uzi wa chini (ndiyo bobini yenyewe), nikatafuta bisibisi ndogo, nikaanza kukaza ile skrubu ya pembeni. Nikajaribu: kiota. Nikalegeza: kiota kikubwa zaidi. Nikakaza tena, nikalegeza tena, hadi skrubu yenyewe, ambayo haizidi punje ya mtama, ikaruka na kupotelea gizani. Nikawaamsha watoto waje na tochi ya simu. Hatukuiona.

Jumapili asubuhi nikakipakata kichwa cha cherehani ndani ya beseni, nikapanda bodaboda hadi kwa fundi mmoja mzee anayeshona barazani karibu na soko. Alichukua kesi nzima ya kwake, akaipachika, akashona kwenye kipande cha kitambaa bila kugusa kitu kingine. Kiota kikatoka vilevile. Akatabasamu. Akanyanyua mguu wa cherehani, ule mdogo unaokandamiza kitambaa chini ya sindano, akauchomoa uzi wa juu wote, akautunga upya kuanzia kwenye rili, akashona. Mshono ukatoka safi juu na chini. "Binti," akaniuliza, "huku chini ulikuwa unatafuta nini?"

Tangu siku hiyo bobini kwangu ni mtuhumiwa wa mwisho, ingawa ndiye anayekamatwa kwanza.

Ukielewa mshono unavyofungwa, jambo hili linajieleza. Cherehani ya kawaida hushona kwa nyuzi mbili. Sindano inashuka na uzi wa juu, na inapoanza kupanda, uzi ule unaacha kitanzi kidogo chini. Ndoano iliyoko chini inakinasa kitanzi hicho na kukizungusha hadi kiipite bobini nzima. Halafu ule mkono wa juu unaopanda na kushuka unauvuta uzi urudi, na nyuzi mbili zinafungana katikati ya kitambaa. Maana yake ni kwamba kwa kila mshono uzi wa juu unatembelea chini na kurudi. Usipovutwa vya kutosha, unabaki hukohuko chini, na ndio unaotengeneza kiota. Uzi wa bobini wenyewe hausafiri hivyo, unatoka kidogokidogo tu.

Kama huniamini, weka uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, kisha shona kwenye kipande cha kitenge kilichokunjwa mara mbili. Mimi sasa hufanya hivi kabla ya kushika bisibisi yoyote. Vitanzi vya chini vikiwa vyekundu, shida iko juu: uzi haukuingia kwenye visahani vya tensheni, yaani vinavyoubana uzi wa juu, tensheni (huo mbano) imelegea, au uzi umeruka mahali fulani njiani. Ukiona vidoti vyeupe vinachungulia juu ya kitambaa, basi ama tensheni ya juu imekaza mno, ama uzi wa bobini unapita bila kubanwa. Hapo ndipo una haki ya kufungua chini.

Kosa langu la usiku ule lilikuwa dogo la kuchekesha. Uzi ulikatika, nikautunga upya mguu ukiwa chini. Mguu ukiwa chini, vile visahani viwili vya tensheni vinakuwa vimebanana, na uzi hauingii katikati yake, unakaa ukingoni tu. Ukinyanyua mguu, visahani vinaachia na uzi unazama mahali pake. Kwa hiyo nyanyua mguu, tunga, shusha mguu, kisha vuta uzi kwa vidole. Mguu ukiwa juu uzi unateleza, ukiwa chini unakuwa mgumu. Kama hakuna tofauti, usianze kushona, rudia. Na hakikisha umepita kwenye lile tundu la mkono unaopanda na kushuka. Uzi ukiliruka hilo, utapata kiota hata kama cherehani imetoka dukani leo.

Kosa jingine linalofanana na hilo ni kuanza kushona bila kushika ncha za nyuzi. Zivute zote mbili nyuma ya mguu, zishike kwa mishono mitatu minne ya kwanza, halafu achia. Na kwa wenye cherehani za kukanyaga: gurudumu la mkono lizunguke kuja kwako. Mguu wa mtu asiyezoea huanza kwa kulirudisha nyuma, na mzunguko mmoja wa kinyume unatosha kuuviringa uzi kwenye ndoano. Anza kwa kulisukuma gurudumu kwa mkono, miguu ifuate.

Sasa tuje kwa bobini yenyewe, maana sisemi kwamba haina makosa kabisa.

Kwanza ni aina. Sokoni bobini huuzwa zimechanganywa kwenye bakuli moja, na zote zinafanana. Cherehani nyeusi za chuma za mtindo wa Singer 15, zikiwemo Butterfly zilizojaa majumbani kwetu, hutumia bobini ya chuma yenye pande bapa, kipenyo chake kama milimita 20 na kimo kati ya 11 na 12. Kuna nyingine ya kipenyo karibu kilekile, ila ni fupi kidogo na pande zake zimevimba kwa nje, hiyo ni ya cherehani za kutumbukiza bobini kutoka juu. Ukiipachika kwenye kesi ya chuma inaingia, inazunguka, inakudanganya, kisha mshono unalegea na kukaza bila mpangilio. Nenda dukani na bobini yako ya zamani mkononi, zilinganishe ubavu kwa ubavu. Ukiona yenye kutu au yenye ukingo uliopinda, tupa. Ni kitu cha bei ndogo kuliko uzi utakaouharibu.

Pili, namna ya kuijaza. Hapa ndipo watu wengi wanapoharakisha, na mimi nilikuwa kinara wao. Uzi wa bobini ukijazwa ovyo, mwingine umelegea na mwingine umebana, hutoka hivyohivyo wakati wa kushona: sentimita 10 nzuri, sentimita 10 mbovu, na wewe unahangaika na tensheni isiyo na hatia. Uzi lazima upite kwenye kile kisahani kidogo cha kubana wakati wa kujaza. Usiushike kwa vidole ukidhani unasaidia. Usijaze juu ya mabaki ya uzi wa rangi nyingine. Usijaze hadi pomoni, acha ukingo wa bobini uonekane kidogo, kwani iliyojaa kupita kiasi inajisugua kwenye kesi na kugoma. Na nenda polepole, hasa kwa nyuzi za poliesta. Zikijazwa kwa kasi zinavutika, halafu baada ya kushonwa zinarudi kwenye urefu wake na kukunja mshono. Niliwahi kumlaumu muuza kitambaa kwa gauni lililojikunja mishono yote ya pembeni, kumbe ni mimi na haraka yangu.

Kama cherehani yako ina kile kigurudumu cha kujazia chenye mpira, angalia mpira wenyewe. Ukishakauka au kulika unateleza, bobini inazunguka kwa kusitasita na uzi unakaa kama sufi. Mimi nilienda duka la vifaa vya maji nikachagua mpira wa duara wa bomba unaolingana, na hadi leo unafanya kazi. Na kabla ya kujaza, legeza ile rungu ya katikati ya gurudumu la mkono ili sindano isipande na kushuka bure.

Tatu, kuipachika kwenye kesi. Kwenye cherehani yangu, nikiishika kesi uso wa bobini ukinitazama na kuvuta uzi, bobini huzunguka kama mishale ya saa. Uzi huingia kwenye mkato, hurudi nyuma, hupita chini ya sahani nyembamba ya springi, hutokea kwenye kijitundu. Ukiigeuza bobini, uzi unaweza kuchomoka chini ya springi katikati ya mshono, nawe utaona vidoti vile vyeupe juu ya nguo. Mifano mingine ina mwelekeo wake, kitabu cha cherehani yako kinaonyesha. Ukiirudisha kesi mahali pake, isukume hadi usikie "ta!" Kile kidole cha kesi kiingie kwenye pengo lake. Isipokaa sawasawa, sindano itaigonga, na kuvunjika ni suala la sekunde.

Ukiyamaliza hayo na shida bado ipo, safisha. Toa sindano, fungua sahani iliyo chini ya mguu, toa kesi, halafu utoe ndoano yenyewe kama cherehani yako inaruhusu. Cherehani nyingi za siku hizi za kupachika bobini kwa mbele zina vibano viwili vyeusi, ukivisukuma nje pete inatoka na ndoano inafuata. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa chochote. Utakuta sufi ya nyuzi iliyoshikamana kama zulia, na mara nyingi kipande cha uzi kimebanwa nyuma ya ndoano. Brashi ya meno iliyostaafu inatosha. Usipulize kwa mdomo, unaingiza unyevu na kuisukuma sufi ndani zaidi.

Kisha tone moja la mafuta ya cherehani pale ndoano inapojisugua. Moja. Nasisitiza mafuta ya cherehani kwa sababu nyumbani kwetu tulitumia ya nazi miaka mingi, na bibi aliapa kwamba ni bora. Mafuta ya kula yakikaa yanaganda kama gundi. Siku nilipokigeuza kichwa cha cherehani na kukifuta chini kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo (mbali na jiko na mshumaa, tafadhali), utando wa njano ukaanza kulainika na kutoka, na ndani yake, imenata kimya, nikaikuta ile skrubu yangu ya Januari. Baada ya mafuta ya taa futa vizuri na kupaka mafuta ya cherehani upya, usiache chuma kikavu. Shona kwanza kwenye matambara hadi mafuta ya ziada yaishe.

Badilisha na sindano wakati uko hapo. Butu au iliyopinda kidogo huifanya ndoano ikose kitanzi, mshono ukaruka, nawe ukalaumu bobini. Kwa kitenge na kanga mimi hutumia namba 90/14, jinzi 100/16, satini na shifoni 75/11 au chini ya hapo. Uzi huingilia upande wa sindano wenye mfereji mrefu, na upande bapa wa shina huwa kinyume chake. Sindano iliyogeuzwa haishoni, hata ungeibembeleza.

Baada ya yote hayo, kama vidoti vya rangi ya bobini bado vinaonekana juu na tensheni ya juu umeshaijaribu, ishike skrubu. Shika ncha ya uzi, iache kesi yenye bobini ining'inie juu ya kiganja. Ikishuka yenyewe moja kwa moja, imelegea. Ukitikisa mkono kidogo ikashuka sentimita chache na kusimama, iko sawa. Ukiitikisa na isishuke kabisa, imekaza. Chora alama kwa kalamu mahali mfereji wa skrubu unapoelekea, fanya kazi hiyo ndani ya sinia lenye kitambaa cheupe, na usizungushe zaidi ya robo mzunguko kabla ya kujaribu tena. Kama kesi yako ina skrubu mbili, ile kubwa ndiyo ya tensheni. Nyingine inaishikilia springi, iache. Na kabla ya kuzungusha chochote, pitisha kona ya karatasi nyembamba chini ya springi. Punje ya uchafu hapo inatosha kuilegeza tensheni yote.

Springi ikiwa imechimbwa mfereji na uzi wa miaka, hakuna kukaza kutakakoisaidia. Nunua kesi nyingine. Uzi wa juu ukikatika kila mara, pitisha ukucha kwenye ncha ya ndoano na kwenye tundu la sahani: ukikwaruza, kuna kidonda kilichotokana na sindano iliyogonga. Kidonda kidogo kwenye sahani nakilainisha mwenyewe kwa msasa laini kabisa. Cha kwenye ncha ya ndoano nampelekea fundi, pamoja na ile hali ambapo sindano mpya, iliyopachikwa vizuri, bado inakutana na ndoano kwa kuchelewa. Kupanga muda wa ndoano kunahitaji jicho, na mimi sina. Nikienda huwa nabeba kile kipande cha kitenge chenye uzi mwekundu juu na mweupe chini. Mzee anakitazama pande zote mbili, na mara nyingi anajua pa kuanzia kabla sijaongea.