Mzani wa Sangara na Karatasi ya SWOT: Tulivyoamua Mfumo Upi Uende Kwenye Wingu

Nilipokuwa nikisimamia TEHAMA katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, wakuu wa idara walikaa siku nzima wakijaza karatasi ya SWOT, yaani ya kupanga nguvu, udhaifu, fursa na vitisho, na jioni tulikuwa na mambo zaidi ya arobaini yasiyojibu swali lililotukutanisha: je, mifumo yote ya kompyuta ihamie kwenye wingu, yaani kwenye seva za mbali zinazofikiwa kwa intaneti? Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa niliuliza nguvu na udhaifu wa kampuni nzima, ilhali usanifu wa mifumo huamuliwa mfumo kwa mfumo.

Mara ya pili nilianza na swali moja: taarifa za mzani wa mapokezi, pale boti zinaposhusha samaki alfajiri, zitunzwe wapi? Kukatika kwa intaneti, ambako awali tulikuita udhaifu, tulikuhamishia kwenye vitisho, maana hutoka nje na hatuna uwezo wa kukuzuia, kama ilivyokuwa Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu. Udhaifu wetu hasa ulikuwa kutegemea mtoa huduma mmoja na fundi mmoja aliyeijua seva. Anayechanganya mambo haya mawili hununua mitambo kwa tatizo ambalo lingemalizwa kwa mkataba wa pili.

Tishio jingine lilikuwa soko. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu, na wakongwe wa kiwanda bado huulizia kumbukumbu za kila shehena kana kwamba ilikuwa jana. Tulipoweka vitisho hivyo viwili kando ya udhaifu wetu, tuliamua kwamba mzani uandike kwenye seva iliyopo kiwandani, na nakala ipelekwe kwenye wingu mtandao unaporuhusu. Uhasibu, unaoweza kusubiri hadi kesho, ulihamishwa wote. Fursa tulizipitia upesi. Nyingi, kwa maoni yangu, zilikuwa ndoto za wauza programu.

Nakushauri pia umwite karani wa mzani kikaoni. Wetu ndiye aliyefichua kwamba umeme ukikatika huandika daftarini, na daftari huingizwa kwenye kompyuta siku ya pili, likiwa limelowa maji ya barafu. Hakuna mkuu wa idara aliyelijua hilo.

Kando ya kila uamuzi niliandika mstari wa SWOT uliouzaa, na tulipopata mtoa huduma wa pili wa intaneti, tulijua mara moja ni maamuzi yapi ya kufungua upya.