Kwanza nichoree kitanda

Swali lenu la wiki hii, "msanifu akikuletea mchoro wa kwanza wa nyumba unaangalia nini?", mimi jibu langu ni vitanda. Sitanii. Ramani isiyo na fenicha ndani namrudishia, aweke kitanda, kabati, makochi, friji, vyote kwa vipimo vyake, ndo tuongee.

Kwenye karatasi kila chumba kinapendeza. Ukiandikiwa 3 kwa 3 unaona freshi tu, haya sasa weka kitanda cha futi sita kwa sita, hiyo ni kama mita 1.8, weka na kabati la sentimita 60 upande wa miguuni, unabaki na nusu mita ya kupita na mlango wa kabati ukifunguka unagonga kitanda. Na hapo uwe umeshauliza hiyo 3 ni ya ndani kwa ndani au imepimwa katikati ya ukuta mpaka katikati ya ukuta, maana kama ni hivyo, tofali la inchi 6 na plasta yake vinakula sentimita kama 18 na hakuna atakayekwambia.

Sisi tumejenga Madale. Msanifu wetu kabla hajashika penseli aliomba twende wote kiwanjani jioni, saa kumi hivi, jua linachoma kweli, akasimama tu anaangalia. Mume wangu akaona anapoteza muda. Kumbe Dar ukuta wa magharibi ndo unapika nyumba, so stoo, choo cha wageni na ngazi akavisukuma huko, vyumba vya kulala vikapata madirisha kaskazini na kusini, yaani iwe kaskazi iwe kusi upepo una pa kuingilia na pa kutokea. Huo mshale wa kaskazini pale kwenye kona ya ramani watu hawauangalii kabisa!

Mchoro wa pili tulimuonyesha mama mkwe. Hakuangalia vipimo wala nini, akauliza mgeni akikaa hapa sebuleni anaona mlango wa nani? Tukacheki, anaona masta, chumba chetu cha kulala, moja kwa moja. Akauliza tena jiko la mkaa litakaa wapi, matanki yatakaa wapi, nguo zitaanikwa wapi. Msanifu akawa anaandika tu. Kwa kweli yule mama alistahili kulipwa.

Paa la kuficha bati, lile ukuta unapanda juu bati lisionekane, nalo lilizua mjadala, mume analipenda, mimi nikataka nichorewe maji ya masika yanatokea wapi majani yakiziba gata. Likapata njia ya pili ya kumwaga maji nje, ndo nikakubali.

Mengine ya haraka: hakikisha msanifu amesajiliwa AQRB, ile bodi inayosajili wasanifu majengo, na mkubaliane mapema, kwa maandishi, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, maana wengine baada ya mchoro wa pili kila ukisogeza mlango ni hela.

Zile picha za 3D msizikimbilie, zina maua na gari la kifahari nje, ukishazipenda hutaki tena kusikia kuhusu korido. Sisi tuliziomba mwisho kabisa, na rangi ya bati mpaka leo bado tunabishana.