Laptopu inadai namba ya tarakimu 48 baada ya kusasisha BIOS

Mkuu, unasema laptopu imeleta skrini ya bluu inayodai namba hiyo, na fundi anataka hela aifungue. Kabla hujampa, subiri kidogo. Hiyo skrini ya bluu si kirusi, wala hujasahau nywila ya Windows. Ni BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski ili asiye na ufunguo asisome mafaili. Ulivyosasisha BIOS (programu inayoiwasha mashine kabla ya Windows), TPM, yaani chipu ya usalama inayotunza ufunguo, imeona mashine inawaka tofauti na ilivyozoea, ikagoma kutoa ufunguo wa diski.

Chukua simu, fungua aka.ms/myrecoverykey, ingia na akaunti yako ya Microsoft. Mara nyingi ufunguo wa akiba, yaani hiyo namba inayodaiwa, huhifadhiwa hapo. Linganisha herufi 8 za mwanzo za kitambulisho cha ufunguo na zile zilizo kwenye skrini. Zikifanana, jaza mafungu 8 ya tarakimu sita sita. Laptopu ya kazini? Waone watu wa TEHAMA.

Ukikuta patupu, muulize aliyekuwashia laptopu siku ya kwanza. Wengi wananaswa hapa: kijana wa dukani anatumia barua pepe yake ili akumalizie haraka, ufunguo unaenda kwake. Yalimkuta shemeji yangu. Tulimsaka yule kijana siku mbili, kumbe kahamia duka la jirani tu!

Usipoupata kabisa, mafaili ndiyo basi. Fundi anayejigamba "atauvunja" atafomati diski, akurudishie laptopu tupu, haina faili hata moja.

Laptopu ikifunguka, andika hiyo namba kwenye karatasi, weka pamoja na vyeti vyako. Usiipige picha ukaihifadhi humohumo kwenye laptopu. Na siku nyingine ukitaka kugusa BIOS, simamisha BitLocker kwa muda kwanza.