Jibu: Magofu ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke kwa siku moja

Umeuliza kama mtu anayetoka Mombasa na watoto anaweza kumaliza Gede na Arabuko-Sokoke siku moja. Inawezekana, ila anzeni na msitu. Mwende alfajiri, chukueni mwongozaji pale langoni. Ndege huonekana asubuhi, na ukibahatika utamwona sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, mwenye kitako cha rangi ya dhahabu, akichakura majani makavu. Jua likishapanda, njia za mchanga zinachosha miguu midogo. Msitu una kilomita za mraba 420 hivi, kwa hiyo msijaribu kuumaliza!

Halafu bodaboda au tuktuk hadi magofuni, si mbali. Huko ndiko mimi ningekaa zaidi. Mji mzima wa Waswahili, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, umemezwa na miti: msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima virefu, hata vyoo. Usipite bila kuliona kaburi lenye tarehe, limechongwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Waliochimba hapo walikuta vyombo vya kaure kutoka Uchina, na mji wenyewe hauko hata ufukweni. UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024.

Ndizi zifichwe ndani ya begi. Kima wa pale hawana haya, mwanangu alinyang'anywa yake akiwa ameshaimenya.

Viatu vya kufunika vidole, maji ya kutosha. Matatu ya Malindi inawashusha njiapanda ya Gede.